Kusuka kirushio cha sumaku-umeme kwa vifaa vya mabaki

Unabonyeza kitufe, unasikia "tk" moja kavu, na kipande cha msumari kilichokuwa kimelala ndani ya mrija wa plastiki kinatua kwenye sinia la mchanga mita moja na nusu kutoka ukingo wa meza. Hakuna baruti, hakuna springi, hakuna upepo. Kilichokisukuma ni waya wa shaba uliozungushwa mara 170, na umeme uliowekwa akiba kwenye kapasita nne za redio iliyokufa.

Huo ndio mtambo tutakaoujenga hapa, na tutaujenga kwa volti 19 tu. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia volti kubwa: kapasita za kamera, za televisheni za kioo kinene, hata za oveni ya maikrowevu. Nakusihi usiende huko. Kapasita ya flashi ya kamera huwa na volti zipatazo 300. Kapasita kubwa ya ndani ya pawasaplai ya kompyuta, kwenye umeme wa ukutani wa volti 230, hufika volti 325. Oveni ya maikrowevu ina volti zaidi ya 2,000 na nguvu ya kutosha kukuua mara moja, hata ikiwa imeshachomolewa ukutani. Bomba la picha la televisheni ya rangi ya zamani hubeba volti 20,000 hadi 30,000. Hivyo vyote acha vilivyo, usivifungue hata kwa kutafuta skrubu. Tena, volti kubwa hazikufundishi chochote ambacho volti 19 hazitakufundisha. Siri ya kirushio imo kwenye koili, yaani ule waya uliozungushwa, na kwenye muda, nami nitakuonyesha jinsi ya kuipima kwa rula.

Kinachotokea ndani ya koili

Umeme ukipita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, na chuma kilicho karibu huvutwa kuelekea katikati yake. Ukigeuza nyaya, chanya ikawa hasi, chuma bado kinavutwa ndani vilevile. Koili haisukumi chuma, inakivuta. Kikishafika katikati, mvuto hauna tena pa kukipeleka, na kikipita katikati huku umeme bado unatembea, koili inakirudisha nyuma kwa nguvu ileile.

Kwa hiyo kazi yetu yote ni moja: umeme uje kwa kishindo wakati msumari uko mlangoni mwa koili, kisha uwe umekwisha, au umekaribia kwisha, msumari unapopita katikati. Kapasita inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu inamwaga umeme wake haraka kisha inakauka yenyewe.

Katika jaribio langu la kwanza lililofanya kazi nilikuwa na kapasita nne. Nikafurahi, nikaongeza nyingine nne, nikitarajia msumari uende mara mbili ya umbali. Ukatoka kwa uvivu, ukaanguka karibu na miguu ya meza. Akiba ya umeme ilikuwa maradufu, lakini ilichukua muda maradufu kumwagika, na nusu ya muda huo koili ilikuwa ikimvuta mkimbiaji shati. Tangu siku hiyo naanza kwa kuhesabu muda, nguvu baadaye.

Kukusanya mabaki

Kapasita ndizo za kwanza kutafutwa. Tunataka nne za mikrofaradi 4,700 (kipimo cha akiba ambayo kapasita inaweza kubeba), zilizoandikwa volti 25 au zaidi. 35 ni nzuri zaidi, 50 ni salama kabisa ila ni nene. Utazipata kwenye redio kubwa na amplifaya zenye transfoma, karibu kabisa na mahali umeme unapoingilia kwenye bodi. Mara nyingi zinakuwa mbili mbili. Kabla hujashika bodi yoyote ya amplifaya, hakikisha imekaa bila umeme, kisha gusisha miguu ya kila kapasita kubwa kwa rezista (kipande kinachobana mkondo; omu ndicho kipimo cha ubanaji huo) ya omu 100 kwa sekunde kumi huku umeishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki, halafu pima kwa multimita, kile kipimaji cha umeme cha mkononi. Ikisoma chini ya volti 1, endelea.

Kagua kichwa cha kila kapasita. Kikiwa kimevimba hata kidogo, au kuna ute wa kahawia kwenye miguu, itupe. Usijishawishi kwamba "bado inafaa". Zinazopita ukaguzi wa macho zichaji moja moja kwa kupitia rezista ya omu 100, ziondoe, subiri dakika moja, pima tena. Nzima hubakiza sehemu kubwa ya volti zake, mbovu huwa imeshashuka sana, na mara nyingine utaihisi ina joto.

Cha pili ni waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.8, kama mita 7. Unapatikana kwenye transfoma hizohizo za redio. Transfoma ina suko mbili: la waya mwembamba kama nywele, linalokwenda kwenye umeme wa ukutani, na la waya mnene, linalotoa volti ndogo. Tunataka huo mnene. Vipande vya chuma vya transfoma hubandikwa kwa vanishi ngumu. Gonga kisu kisichokata kati ya vipande viwili vya mwanzo, ukishatoa vitatu au vinne vilivyobaki vitalegea. Fungua waya polepole, ukiuzungusha kwenye gogo la mbao unapotoka. Ukikunjika kona kali, vanishi inapasuka pale, na pale ndipo shoti itakapozaliwa.

Cha tatu ni thairista. Hii ndiyo swichi yetu. Swichi ya kawaida ya kidole haiwezi kazi hii kwa muda mrefu, kwa sababu ampea 50 zikipita ghafla mdomo wa swichi unaungua na mara nyingine unaganda umefungwa. Thairista haina mdomo. Ina miguu mitatu: anodi, umeme unapoingilia; kathodi, unapotokea; na geti, linaloufungulia njia. Tafuta kwenye chaja za zamani za betri za gari na kwenye vifaa vya kupunguza kasi ya mota. BT151, kwa mfano, ina uwezo wa ampea 12 kwa kazi ya kila siku, lakini kwa mshtuko mmoja wa milisekunde 10 inavumilia ampea 120. Sisi hatutafika nusu ya hapo.

Kuipima ni rahisi na kunafurahisha. Chukua betri ya volti 12 na balbu ndogo ya volti 12. Pitisha umeme kutoka chanya kwenda kwenye balbu, kutoka balbu kwenda anodi ya thairista, na kathodi uipeleke kwenye hasi. Balbu isiwake. Sasa gusisha geti kwenye chanya kwa kupitia rezista ya omu 470, mguso wa nukta moja tu. Balbu inawaka, na inaendelea kuwaka hata ukiondoa mkono. Itazimika pale utakapochomoa betri. Kama inawaka tangu mwanzo, thairista imekufa kwa shoti. Kama haiwaki kabisa, ama imekatika ndani, ama umekosea miguu. Kwenye BT151, ukiisoma kwa mbele huku miguu ikitazama chini, kushoto ni kathodi, katikati anodi, kulia geti, na bati la mgongoni limeungana na anodi.

Chanzo cha umeme ni chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19. Nyumba nyingi zina moja ambayo waya wake umekatika karibu na ncha. Usiifungue chaja yenyewe, kwa sababu ndani kuna zile volti 325 nilizozitaja. Kata ncha iliyoharibika tu, menya waya, uone nyuzi mbili, na upime kwa multimita ipi ni chanya. Kama haitoi volti kati ya 18 na 20, tafuta nyingine. Nzuri kwetu ni kwamba chaja hizi zimetenganishwa na umeme wa ukutani na hujizima zenyewe zikipata shoti.

Vilivyobaki ni vidogo: rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 5 (zile nyeupe za pembe nne kama kipande cha chaki), rezista ndogo za omu 470, omu 1,000 na omu 2,200, dayodi moja nene (hupitisha umeme upande mmoja tu) kama 1N5408, taa moja ya LED, kitufe cha kubonyeza, na swichi ya njia mbili yenye kituo cha katikati kisichogusa kokote. Waya mnene wa kuunganishia kata kutoka kwenye kebo yoyote ya umeme wa nyumba.

Kusuka koili

Hapa usiharakishe. Unaweza kuunganisha sakiti yote kwa saa moja, lakini koili istahili jioni nzima.

Tafuta mrija mgumu wa plastiki, tundu lake milimita 6, nje milimita 8, urefu sentimita 15. Bomba la kalamu nene ya kuandikia ubaoni au kipande cha mrija wa antena ya plastiki huweza kufaa. Usitumie mrija wa shaba, alumini wala chuma. Mrija wa shaba au alumini unakuwa kama koili nyingine yenye duru moja iliyofungwa: sumaku inapopanda ghafla, mkondo unazunguka ndani ya mrija wenyewe na kuipinga. Wa chuma unaziba sumaku isimfikie msumari.

Kata viduara viwili vya plastiki ngumu au mbao nyembamba, vyenye tundu la milimita 8, uvibandike kwenye mrija vikiwa na nafasi ya milimita 30 kati yao. Hizo ni kuta za koili. Kiduara kimoja kitoboe tundu dogo karibu na mrija, pitisha mwanzo wa waya hapo, uache mkia wa sentimita 15.

Sasa zungusha. Kila duru ilale bega kwa bega na iliyotangulia, bila nafasi, bila kupandana. Mkono wa kushoto unazungusha mrija, wa kulia unashika waya kwa kitambaa na kuuvuta kiasi cha kuunyoosha, si kiasi cha kuukata. Milimita 30 zitaingia duru 34 hivi. Ukifika ukuta wa pili, funga tabaka hilo kwa tepu nyembamba au karatasi ya nta, kisha urudi. Mwelekeo wa mzunguko ni uleule siku zote; ukigeuza, tabaka jipya litapigana na la chini. Tabaka tano zitakupa duru 170. Nilipokuwa najifunza niliona aibu kufungua tabaka la tatu lililopindana, nikaliacha. Tabaka la nne likawa vilima na mabonde, la tano halikuingia. Ukiona duru moja imepanda mgongo wa nyingine, rudi nyuma papo hapo, maana baada ya tabaka mbili hutaweza tena.

Ukimaliza, dondoshea gundi ya papo hapo juu, uache ikauke. Koili ikipigwa na mshtuko wa umeme nyaya zake huvutana, na koili iliyolegea hukwaruzana vanishi yake yenyewe kidogo kidogo.

Kwangua vanishi kwenye mikia yote miwili kwa msasa mpaka uone shaba inayong'aa pande zote, si upande mmoja. Pima omu: utapata kama 0.2. Multimita ya kawaida haina uhakika kwenye namba ndogo hivyo, basi kwanza gusisha ncha zake zenyewe, soma inachoonyesha, ukitoe kwenye jibu. Ukipata 0 kamili, kuna shoti ndani. Ukipata namba kubwa, hukukwangua vizuri.

Hesabu ya muda, kabla ya kulehemu

Kapasita nne za mikrofaradi 4,700 zikiungwa sambamba ni mikrofaradi 18,800, yaani faradi 0.0188. Ukinzani wote wa njia, ukijumlisha koili, nyaya na kapasita zenyewe, chukua omu 0.35. Zidisha hizo mbili: 0.0066. Hizo ni milisekunde karibu 7, na ndio muda ambao umeme mwingi unamwagika.

Msumari nao unaanza ukiwa umesimama, na tunatarajia utoke kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Wastani wake ni mita 2 kwa sekunde. Kutoka mlangoni hadi katikati ya koili ni milimita 15. Gawanya: milisekunde 7.5. Namba mbili zimekutana, umeme mwingi umeshamwagika pale uso wa msumari unapofika. Ndiyo maana koili ni ya milimita 30 na kapasita ni nne. Ukilazimika kutumia vipimo vingine kwa sababu ya ulivyovipata, fanya hesabu hii kwanza. Kapasita zikizidi, waya wa koili uwe mnene zaidi au koili iwe ndefu kidogo. Zikipungua, koili iwe fupi.

Kuunganisha

Kapasita zote nne zilale sambamba kwenye ubao mkavu, chanya na chanya, hasi na hasi. Mstari ulioandikwa ubavuni mwa kapasita uko upande wa hasi. Hakiki mara mbili, kisha mwambie mtu mwingine ahakiki. Kapasita iliyogeuzwa inachemka ndani, inavimba, inapasua kichwa chake na kutoa mvuke unaowasha macho. Niligeuza moja usiku mmoja nikiwa na usingizi, na harufu ilikaa chumbani siku mbili.

Dayodi nene iungwe juu ya kapasita hizohizo, mstari wake ukielekea chanya. Kwa kawaida haifanyi lolote. Kazi yake ni kulinda kapasita endapo volti itageuka kutokana na koili utakayoisuka kwa vipimo tofauti baadaye. LED nayo iungwe kati ya chanya na hasi kwa kupitia rezista ya omu 2,200. Ikiwaka, kuna umeme akiba, usiguse. Ikizimika, zimebaki volti 2 hivi.

Njia kubwa ni hii: kutoka chanya ya kapasita kwenda mkia mmoja wa koili, mkia wa pili kwenda anodi ya thairista, kathodi kwenda hasi ya kapasita. Nyaya za njia hii ziwe nene na fupi kadiri iwezekanavyo, na lehemu ijae vizuri. Kila sentimita ya waya mwembamba hapa inakula nguvu ya msumari.

Njia ndogo ya kufyatulia: kutoka chanya kwenda kitufe, kutoka kitufe kwenda rezista ya omu 470, kisha geti. Kati ya geti na kathodi weka omu 1,000, ili thairista isishtuke kwa kelele za umeme.

Kisha swichi ya njia mbili. Mguu wake wa kati uungwe na rezista ya omu 100, na upande wa pili wa rezista uende chanya ya kapasita. Mguu mmoja wa pembeni upokee chanya ya chaja, mguu mwingine wa pembeni uende hasi. Hasi ya chaja iungane na hasi ya kapasita. Sasa una vituo vitatu: upande mmoja ni kuchaji, katikati ni kufyatua, upande wa pili ni kumwaga umeme. Rezista ileile inafanya kazi mbili. Kuchaji kunachukua kama sekunde 10, kumwaga vilevile.

Msumari na mahali pa kuurushia

Msumari wa unene wa milimita 5, ukikatwa kipande cha milimita 30, una uzito wa gramu 4 na nusu hivi. Kata kichwa na ncha kwa msumeno wa chuma, kisha piga tupa pande zote mbili ziwe bapa na kingo ziwe mviringo. Ncha kali haina kazi yoyote hapa. Inachana mrija na inaweza kumwumiza mtu. Pima kwa sumaku: baadhi ya misumari isiyoshika kutu haivutwi kabisa, na hiyo haitakwenda popote.

Mbele ya mrija weka sinia lenye mchanga sakafuni, na nyuma ya sinia boksi lililojaa matambara. Vaa miwani ya kinga, na kila aliye chumbani avae. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu volti 19 hazikurushi lakini pete ikizipiga shoti kapasita inatoa cheche inayoweza kukuunguza. Mdomo wa mrija usielekezwe kwa mtu wala mnyama hata siku moja, hata kapasita zikiwa tupu. Msumari wa mita 4 kwa sekunde hautoboi nguo, ila jicho halina nguo.

Kufyatua na kupima

Laza mrija usawa kabisa mezani. Chupa ya maji iliyojaa nusu, ikilazwa kando yake, inakutosha kama pimamaji. Ingiza msumari kwa nyuma kwa kijiti cha mbao chenye alama za milimita, mpaka uso wake wa mbele uingie ndani ya koili milimita 2 au 3. Peleka swichi kwenye kuchaji, hesabu hadi kumi na tano, rudisha katikati, bonyeza.

Ukiona msumari umetua mchangani, chukua rula. Pima kimo kutoka tundu la mrija hadi mchangani, na umbali wa mlalo kutoka mdomo wa mrija hadi alama ya kutua. Zidisha kimo, kwa mita, mara mbili, gawanya kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: huo ndio muda wa kuanguka. Meza ya sentimita 75 inakupa sekunde 0.39. Gawanya umbali kwa muda huo. Ukitua mita 1.56, kasi ni mita 4 kwa sekunde. Hukuhitaji kifaa chochote cha kupimia kasi.

Sasa ukokotoe nishati. Msumari wa gramu 4.6 kwa kasi hiyo una joule 0.037. Kapasita zilikuwa na volti 18 na kitu, yaani joule 3 hivi. Asilimia 1 na ushei ndiyo imefika kwenye msumari. Iliyobaki imepasha waya joto. Usihuzunike. Koili moja ya nyumbani ndivyo ilivyo, na hata wakubwa waliteseka na jambo hili. Kristian Birkeland, mwanafizikia wa Norway, alisajili hataza ya mzinga wa koili mwaka 1901. Tarehe 6 Machi 1903 aliuonyesha mbele ya wageni katika chuo kikuu cha mji ambao leo ni Oslo. Ukapiga shoti, radi ikatanda ukumbini. Mzinga ule haukuuzika, lakini moto ule wa umeme haukupotea bure: pamoja na mhandisi Sam Eyde aliutumia kukamata naitrojeni ya hewani kutengeneza mbolea, na mwaka 1905 kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa juu ya kazi hiyo.

Rudia jaribio ukisogeza mahali pa kuanzia kwa milimita 2 kila mara: mara tano mahali pamoja, andika umbali, chukua wastani, sogeza. Utaona umbali unapanda, unafika kilele, halafu unashuka ghafla. Kwenye koili yangu kilele kilikuwa pale uso wa msumari ulipoingia milimita 5. Yako inaweza kuwa 2 au 8. Milimita hizo chache zinaongeza umbali kuliko kapasita mbili za ziada.

Ukitaka zaidi baada ya hapo, usiguse volti. Bandika washa nene za chuma kwenye kuta zote mbili za koili, na uizungushie bati la chuma nje. Sumaku ya nje ya koili inapata njia rahisi ya kurudi, na mvuto wa ndani unaongezeka. Pima tena kwa rula ileile.

Ikikataa

LED haiwaki wakati wa kuchaji: kapasita moja ina shoti, au thairista imebaki ikipitisha umeme. Hili la pili hutokea sana pale mtu anapofyatua bila kurudisha swichi katikati. Chaja inaendelea kupitisha mkondo mdogo kwenye thairista, nayo haiachi kupitisha mpaka mkondo ukatike. Peleka swichi katikati, subiri, anza upya.

Mlio unasikika lakini msumari unatikisika tu: umeuweka ndani mno, tayari uko karibu na katikati. Msumari unarukia nyuma: umeuvusha katikati. Hakuna mlio wowote na LED inazimika taratibu: kitufe au geti haliungani. Koili inapata joto la kuhisiwa na mkono baada ya mirusho michache mfululizo, hilo ni la kawaida. Pumzika dakika chache, kwa sababu shaba ya moto ina ukinzani zaidi na vipimo vyako vitashuka bila sababu nyingine.

Unapofunga kazi, peleka swichi upande wa kumwaga, ngoja LED izimike, chomoa chaja, pima kapasita kwa multimita, kisha acha swichi palepale kwenye kumwaga. Kapasita za aina hii hujirudishia volti kidogo zikikaa bila kuungwa, na rezista ya omu 100 itazinyima nafasi hiyo.